Faili hili ni la Windows au ni la mwizi?

BARUA

Assalaam aleikum, Fundi.

Mimi ni mama wa miaka 52, nina kisaiba changu hapa Majengo: kompyuta nne, printa mbili, na mashine ya fotokopi iliyochoka kuliko mimi. Wateja wangu ni watu wa kawaida tu. Wanafunzi wenye kazi za kuchapa, wazee wa ritani za kodi za KRA, vijana wa eCitizen (ile tovuti ya huduma za serikali), na wale makarani wa kliaringi, watoa mizigo, wanaotoka bandari ya Kilindini mbio mbio na karatasi za kontena wakitaka kopi sita sasa hivi.

Jumanne iliyopita alikuja mmoja wa hao makarani, mteja wangu wa siku nyingi, kijana wa heshima zake. Akafungua barua pepe yake kwenye kompyuta nambari tatu, akapakua faili, akaniambia, "Mama, nichapie hii BL," ile hati ya shehena ya meli. Faili lilikuwa na ile alama nyekundu ya PDF, jina lake jina la meli, na mwisho wake pdf. Nikabonyeza mara mbili, halikufunguka. Kikatokea kidirisha cheusi, kikapepesa kama jicho, kikapotea. Nikabonyeza tena, vilevile. Kijana akasema labda limeharibika, atamwambia aliyemtumia alitume upya, akaenda zake.

Tangu siku hiyo kompyuta ile imekuwa nzito. Nikafungua Task Manager, lile dirisha la programu zinazoendeshwa, kama alivyonifundisha mpwa wangu, nikakuta orodha ndefu ya majina nisiyoyajua. Lililonitia hofu ni svchost.exe. Limejaa tele, nilihesabu nikafika arobaini na kitu, nikaacha. Nikabonyeza moja moja niangalie yanakaa wapi. Yote yalinipeleka kwenye folda ya System32, isipokuwa moja: scvhost.exe lilinipeleka folda iitwayo Roaming, na humo ndani limekaa kwenye kifolda peke yake. Majina haya nimeyanakili kama yalivyo kwenye skrini.

Nikaingia intaneti kwa simu. Ukurasa wa kwanza ukaniambia svchost ni sehemu ya Windows, nisiiguse. Wa pili ukasema ni virusi hatari, nipakue programu yao ya kusafisha. Kupima ni bure, kuondoa ni kwa pesa.

Mpwa wangu, ambaye ndiye fundi wangu, anasema tufute kompyuta zote nne tuweke Windows upya, shilingi 1,500 kila moja. Mkwe wangu, mtu wa ofisini, anasema antivirusi haijalia, kwa hivyo hakuna kitu, nisipoteze pesa. Na mimi nina kovu, Fundi. Mwaka jana mpwa huyohuyo aliona faili la spoolsv.exe, akasema ni virusi, akalazimisha mpaka akalifuta. Mashine ikaacha kuchapa siku mbili, na ilikuwa Juni, ritani zimepamba moto.

Mtu kama mimi, nisiyesomea kompyuta, nitajuaje faili la kuaminiwa na lisiloaminika? Na mpwa wangu nimwambieje bila kumvunja moyo? Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mimi.

Mwenye Saiba, Majengo

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Kabla hujasoma mstari wa pili, inuka ukachomoe waya wa intaneti wa kompyuta nambari tatu. Kama inatumia waifai, zima waifai. Kisha urudi tuzungumze.

Umerudi? Haya, isome tena barua yako, pale penye majina. Mara ya kwanza umeandika svchost. Mara ya pili, lile la Roaming, umeandika scvhost. Mimi nilipoisoma haraka nilidhani ni kidole kimeteleza, nikapita. Ni pale uliposema umeyanakili kama yalivyo kwenye skrini ndipo nikarudi nyuma. V na C zimebadilishana viti. Windows haina faili la jina hilo la pili. Aliyelibandika alijua kwamba jicho la mtu mwenye shughuli husoma mwanzo na mwisho wa neno, katikati likajaza lenyewe, kama vile viatu vya barabarani ambavyo nembo yake inafanana na ile ya ghali mpaka uvae ndipo uone herufi moja imehama. Wewe mwenyewe umelinakili sawasawa na hukuliona. Usijilaumu, nami nimesema nilipita.

Wale arobaini waache. Kazi ya svchost ni kubeba huduma za Windows: ya mtandao, ya sauti, ya masasisho na nyingine nyingi. Zamani huduma kadhaa zilipakiwa pamoja kwenye svchost moja. Kuanzia 2017, Windows 10 ilianza kuzitenganisha kwenye kompyuta zenye kumbukumbu ya zaidi ya GB 3.5, nyingi zikapewa chumba chake ili moja ikianguka isiangushe wenzake. Ndiyo maana unaona mengi. Mengi si dalili ya ugonjwa.

Kilichokusaidia, na hapa nakupa sifa zako, ni kwamba hukuishia kwenye jina, uliuliza linakaa wapi. Jina la faili halina mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kuandika programu akaiita apendavyo, hata svchost yenyewe bila kukosea herufi. Makazi ndiyo magumu kughushi. Faili lile la Windows hukaa System32, au SysWOW64, na kuandika humo kunahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Roaming ni folda ya mtumiaji, na programu yoyote unayoifungua inaweza kujijengea kibanda humo bila kubisha hodi. Sisemi kila kilichomo Roaming ni kibaya. Zoom kwa mfano huweza kujiweka humo na watu wanafanyia mikutano kila siku. Lakini faili linalojiita kwa jina la Windows halafu linalala Roaming, hilo ni kama mtu anayekwambia yeye ni askari wa bandari na umemkuta amejificha nyuma ya banda lako la kuku.

Sasa turudi nyuma zaidi, kwenye ile BL, maana huko ndiko lilikotoka. Windows kwa kawaida yake huficha mkia wa jina la faili, zile herufi za mwisho zinazosema ni faili la aina gani. Kwa hivyo kama umeona pdf mwishoni mwa jina, na hujawahi kuiambia kompyuta ionyeshe mikia, basi hiyo pdf uliyoiona ni sehemu ya jina tu, na mkia halisi umefichwa nyuma yake. Fungua folda ya Downloads, nenda "View" juu, uweke alama kwenye "File name extensions" (kwenye Windows 11 utaipata ndani ya "Show"). Sitashangaa ukiona jina la meli, nukta, pdf, nukta, exe, na exe ni mkia wa programu, si wa hati. Alama nyekundu nayo si kitu, kila programu huchagua picha yake. Hati ya kweli ikiharibika, kisomaji cha PDF hufunguka na kulalamika. Kidirisha cheusi kinachopepesa na kutoweka si tabia ya hati; kuna kitu kimeendeshwa. Na ulikiendesha mara mbili.

Hila hii ina umri. Mwezi wa Mei 2000 kilisambaa dunia nzima kirusi kutoka Ufilipino kilichokuja kwa barua pepe kama barua ya mapenzi. Faili lake liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT na mkia wake wa kweli, vbs, ulikuwa umefichwa na Windows yenyewe. Watu wa maofisi makubwa makubwa walibonyeza. Miaka 25 na zaidi imepita na Windows bado inaficha mikia. Kwa nini, mimi sijaelewa mpaka leo, na nimekaa na bisibisi muda mrefu.

Mkwe wako anasema antivirusi haijalia. Namuuliza: je, iko macho? Kama Windows ya saiba yako iliwekwa kwa zile programu za kuvunja kufuli ili isilipiwe, mara nyingi maelezo yake humwambia fundi azime kinga kwanza, au aitenge folda fulani isikaguliwe. Ingia "Windows Security", kwenye "Virus & threat protection", kisha mipangilio yake, utafute "Exclusions". Ukikuta humo kumeandikwa folda ambayo hukuiweka wewe, au Mungu apishe mbali diski C nzima, basi kimya cha antivirusi ni kimya cha mlinzi aliyeambiwa asiangalie lango. Hata ikiwa macho, faili jipya kabisa huweza kupita siku chache kabla halijajulikana.

Ukurasa uliokutisha na papo hapo ukakuuzia dawa usiurudie. Kurasa za namna hiyo zimetengenezwa kwa maelfu ya majina ya mafaili, la kheri na la shari, na kwa yote dawa ni ileile. Mganga anayepiga ramli akiwa ameshika chupa mkononi, ramli yake itasema nini?

Sasa vipimo viwili unavyoweza kufanya mwenyewe.

Cha kwanza ni saini. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", utazame kama kuna ukurasa wa "Digital Signatures". Wewe unaishi na watu wa kontena, kwa hivyo nitakueleza kwa lugha yao. Saini ya faili ni sili ya kontena. Inakwambia nani alifunga, na kwamba tangu afunge halijafunguliwa. Haikwambii ndani mmepakiwa nini. Mwaka 2017 programu maarufu ya CCleaner ilitolewa ikiwa na saini halali ya kampuni yake, nambari 5.33, kumbe wavamizi walikuwa wameshaingia kiwandani wakaweka mzigo wao kabla sili haijapigwa. Watumiaji milioni 2.27 waliichukua. Na mwaka 2010 kirusi cha Stuxnet kilikutwa na sili zilizoibwa kwa kampuni mbili za Taiwan. Kwa upande mwingine, yapo mafaili mema ya Windows, kama kile kijitabu cha Notepad, ambayo hayaonyeshi ukurasa wa saini kwa sababu sili zao zimeandikwa kwenye daftari la pembeni. Basi sili ikikosekana uliza zaidi, ikiwepo usilale. Lakini faili linalojifanya la Windows, halikai kwa Windows, halina saini ya Microsoft, na jina limekosewa? Hapo mimi nisingehitaji shahidi wa tano.

Kipimo cha pili ni alama ya kidole. Kila faili linaweza kupigiwa hesabu inayotoa mstari wa herufi na tarakimu 64, ukibadilisha nukta moja ndani ya faili mstari wote unabadilika. Fungua PowerShell, lile dirisha la kuandikia kompyuta amri, andika Get-FileHash, acha nafasi, kisha livute faili ulidondoshe ndani ya dirisha hilo, ubonyeze Enter. Kulipigia hesabu si kuliendesha, usiogope. Utapata mstari huo. Wewe usome herufi moja moja, na mpwa wako aandike kwenye simu yake, kama karani anavyosomewa nambari ya kontena, kisha autafute kwenye tovuti ya VirusTotal. Tovuti hiyo ilianzia Uhispania mwaka 2004 na tangu 2012 ni mali ya Google. Hulinganisha faili na antivirusi kama sabini kwa mpigo. Zikilia thelathini, shauri limekwisha. Ikilia moja au mbili huenda ni kosa lao, ngoja siku mbili utazame tena. Ikisema haijawahi kuliona, usishangilie: svchost la kweli limeonwa na dunia nzima, faili linalodai ukoo huo na halijulikani popote limejitia hatiani.

Nimesema utafute alama, sikusema upakie faili. Vinavyopakiwa huko vinaweza kupakuliwa na kampuni za usalama na wateja wao wanaolipa. Programu ngeni si siri ya mtu. Lakini BL ya mteja, kitambulisho cha mzee wa ritani, hivyo usivipeleke huko kamwe.

Haya, mpwa wako. Kijana ana haki nusu, na hiyo nusu ni kubwa. Kompyuta nambari tatu kweli ifutwe na iwekwe Windows upya. Ingekuwa ni kompyuta ya nyumbani ya kuangalia mpira, ningesema mwendeshe ukaguzi wa "Microsoft Defender Offline", ule unaozima na kuwasha kompyuta na kukagua kabla Windows haijaamka, kisha muangalie hali. Lakini mashine hiyo watu wanaingilia KRA na eCitizen, siwezi kukuambia ukisie. Hati zako zihamishwe kwanza, programu zisihamishwe hata moja, na flashi ya kuwekea Windows itengenezwe kwenye kompyuta safi kutoka kwa Microsoft wenyewe, si ile CD ya rafiki. Zile tatu nyingine, nazi mbovu harabu ya nzima, kwa hivyo zikaguliwe kwa Defender Offline na mtazame Roaming zake, pamoja na flashi zote zilizopita nambari tatu tangu Jumanne. Zikiwa safi ziacheni. Hapo umebaki na 4,500 zako.

Kosa lake la spoolsv si la peke yake. Faili hilo ndilo linalopanga foleni ya kuchapa. Likiondoka, printa hata iwe mpya haina wa kuiagiza. Mwaka 2002 ilizunguka barua pepe duniani ikiwaambia watu watafute jdbgmgr.exe, lenye picha ya dubu mdogo wa kuchezea, walifute upesi kabla halijaripuka. Halikuwa na ubaya wowote, lilikuwa faili la Windows lenye picha ya ajabu. Walifuta kwa wingi, tena wakawaonya na jamaa zao. Msomee kijana kisa hicho, mcheke pamoja. Kisha umkabidhi kazi ya ule mstari wa herufi 64 bila kumwambia umeandika gazetini. Mtake akuonyeshe wewe. Fundi huhitaji kuaminiwa ili ajifunze kuangalia kabla ya kufuta, na huyu ameshakufundisha Task Manager, si haba.

Karani naye umpigie simu leo. Usimpigie kumlaumu, maana huenda naye ametegwa: watu hawa huiga majina ya wakala wa meli na huwalenga hasa watu wa kliaringi, ambao kufungua viambatisho ndiyo kazi yao. Kama alilibonyeza faili lile na kule ofisini kwake, shida iko kubwa kuliko saiba yako. Ofisi yake inaweza kuripoti KE-CIRT, kile kitengo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Yeye pia abadilishe paswadi ya barua pepe, kwa sababu aliifungua kwenye mashine yako dakika chache kabla.

Na hapo ndipo penye donda lenyewe. Programu za namna hii mara nyingi haziji kuharibu, huja kuchota. Kitu cha kwanza huchota ni paswadi zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari, pale kompyuta inapokuuliza "nikukumbukie?" na wewe ukasema ndiyo kwa sababu foleni ni ndefu. Nambari tatu imekumbuka za wangapi? Kaa na simu yako, au kompyuta iliyokwisha kukaguliwa, ubadilishe zako zote, kuanzia barua pepe kwa sababu ndiyo ufunguo wa nyingine, na utoke kwenye vifaa vyote. Kisha uwapigie wateja uliowahifadhia, mmoja mmoja. Najua ni aibu. Lakini tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, taarifa za mteja zilizoko mikononi mwako ni dhamana yako kisheria, na mzee wa ritani ni afadhali asikie kwako kuliko kuja kuona ritani aliyojaziwa na mtu asiyemjua.

Hukunitajia, lakini sijaona saiba isiyokuwa na lile daftari la kaunta, lenye jina la mteja, PIN ya KRA na paswadi pembeni kwa kalamu nyekundu. Kama nawe unalo, liondoe hapo kabla hujafungua duka kesho.